Kabla hujaita Fuso ya udongo, muulize fundi maji ya masika yanapita wapi

Watu wengi hapa Dar tunajenga mpaka hela inakata, alafu nje ndo panakumbukwa mwishoni kabisa, wiki ya kuhamia au mwezi mmoja kabla ya sherehe ya mdogo mtu, na hapo ndo unasikia mtu anapiga simu kijiweni: "Niletee Fuso moja ya udongo mweusi, na kenta ya kokoto nyeupe, na vijana wawili wa kusambaza, nataka kesho jioni pawe pameisha." Na kweli kesho jioni panakuwa pameisha na panapendeza, picha zinapigwa zinawekwa status. Alafu mwezi wa tatu masika inaingia, udongo uko barabarani, kokoto ziko kwa jirani wa chini, na tope liko pale pale barazani lilipokuwaga mwanzo.

Nimeliangalia hili kwa miaka sasa, kwetu Goba na kwa ndugu zangu Kigamboni na Kimara, na msimamo wangu ni mmoja tu. Unapotafuta mtu wa kazi ya nje, iwe kumwaga udongo, kutandaza kokoto au kuweka matandazo (majani makavu, maranda na vitu kama hivyo vya kufunika udongo) kwenye bustani, kitu kikubwa unachonunua kwake ni kujua maji ya eneo lenu yanatokea wapi na yanaelekea wapi. Nguvu za kushika beleshi zipo kwa vijana wengi na bei ya tripu utaipata kwa dereva yeyote, ila mtu aliyeona masika ya mtaa wenu, ameona ukuta gani ulianguka na korongo lilianzia kwa nani, huyo mara nyingi anaishi humo humo mtaani, hana kadi ya biashara, na tunampita kila siku tukienda kutafuta wa mbali.

Dar sio ardhi moja jamani. Msasani mpaka Kunduchi ukichimba kidogo unakutana na mwamba wa matumbawe, juu yake mchanga. Kigamboni mchanga ni mwingi, maji yanazama haraka na mbolea inazama nayo, kwahiyo mtu anamwagilia asubuhi jioni na maua bado yanasinyaa. Goba, Salasala na Kimara ni miinuko na makorongo, huku maji hayakai, yanakimbia, na yakikimbia yanabeba. Ukishuka mabondeni, upande wa Msimbazi na vijito vyake, unakuta udongo wa mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kunata kwenye buti wakati wa mvua. Sasa fundi ambaye kazi zake zote amefanyia Kigamboni ni fundi mzuri kabisa, ila ukimleta mteremko wa Kimara atatandaza kokoto kama alivyozoea kwenye tambarare, na hapo hujamtendea haki yeye wala hela yako.

Alafu watu wanadharau wingi wa maji. Dar inapata kama milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa inamwagika kwenye masika ya Machi mpaka Mei na vuli ya Oktoba mpaka Desemba. Chukua paa la meta za mraba 150, nyumba ya kawaida tu ya familia, siku ikinyesha milimita 50 hilo paa peke yake limekuletea lita 7,500. Hilo ni simtanki la lita elfu tano limejaa na lingine nusu, yote yanadondokea kwenye kauwanja kako, na hapo hujahesabu ya jirani wa juu. Zile mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 mpaka 2024, na kile kimbunga Hidaya kilichofika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, vilituonyesha watu wa miinuko kwamba bustani iliyowekwa bila kufikiria maji haiharibiki yenyewe tu, inaondoka na sehemu ya kiwanja.

Kuna mzee mmoja huku kwetu, kazi yake ya siku zote ni kulima mchicha na matembele bondeni, na watu wakimuita anafanya bustani za majumbani. Mara ya kwanza alipokuja kwa dada yangu nilikuwepo. Tukamsalimia shikamoo mzee, akaitikia marahaba wanangu, dada akaanza kumuonyesha anataka maua yakae hapa, kokoto zipite hapa mpaka getini. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, alafu hakwenda pale alipoonyeshwa. Akaenda nyuma ya nyumba, akainama kwenye ukuta wa jirani wa juu akaangalia mstari wa tope umeishia wapi, akatafuta tundu la kutolea maji akakuta limezibwa na kifusi cha ujenzi, akazunguka na mteremko mpaka kona ya chini. Ndo akauliza, "Mama, mvua ikipiga usiku, asubuhi maji mnayakuta wapi?" Dada akamuonyesha. Mzee akasema, "Basi udongo mtanunua baadae, kwanza tuyape maji njia."

Hiyo nusu saa ya kuzunguka ndo kazi yenyewe. Na mimi naamini inatakiwa kulipwa, hata kama mwisho wa siku hukumpa hiyo kazi kwa sababu bajeti haijatosha au mmeshindwana. Tumezoea kwamba ushauri wa fundi ni bure, tunamwita aje "kuangalia", anapoteza asubuhi yake na nauli ya bodaboda, anatupa akili yake yote, alafu tunachukua maneno yake tunampa kijana wa bei ya chini atekeleze. Mpe hela yake ya kuangalia, mwambie kabisa kwenye simu kabla hajaja kwamba kuangalia kuna malipo, utaona na yeye anakuja tofauti, anakuja na kamba na ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani wa kupimia usawa.

Walichofanya pale kwa dada ni hivi. Mtaro wa kina kama cha jembe kufuata ukuta wa juu, mteremko wake walau sentimita moja kwa kila meta moja, ukajazwa kokoto kubwa ili maji yapite katikati ya mawe bila kuchimba, ukaishia kwenye mfereji wa mtaa, sio kwenye kiwanja cha jirani. Tundu la ukuta likazibuliwa. Na sehemu ya maua ikasogezwa mbali na nyumba kwa sababu mzee alikataa kabisa udongo kupandishwa mpaka usawa wa jamvi la sakafu, alisema uache kama sentimita 15 za msingi zionekane, ukizifunika unyevu utapanda ukutani, rangi itababuka na mchwa watapata njia ya kuingia ndani bila kuonekana. Ni kitu kidogo ila zunguka mtaani uone nyumba ngapi maua yamebananishwa na ukuta na rangi ya chini yote imevimba.

Kama huna mzee wa namna hiyo karibu, unaweza kujipimia mwenyewe. Chimba shimo la sentimita 30 kila upande, lijaze maji yazame, lijaze tena uangalie. Kama ndani ya saa moja maji hayajashuka hata sentimita mbili na nusu hivi, hapo usimwage udongo wala kupanda kitu mpaka umeshughulikia njia ya maji. Na siku ya mvua chukua mwavuli utoke nje, zunguka, piga video, hiyo video ikija kumfikia fundi ni msaada kuliko maelezo ya nusu saa.

Sasa tuje kwenye udongo wenyewe, huu tunaouita udongo mweusi. Weusi sio rutuba. Udongo mwingi unaouzwa kwa tripu unachimbwa mabondeni, na mwingine ni mfinyanzi mtupu, ukikauka unakuwa tofali. Chukua kiganja chake, loanisha, finyanga kwa vidole. Ukitengeneza kijiti kirefu kinachojikunja bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Ukiubana ukabaki umbo alafu ukiugusa unaachia, huo ndo unaoutaka. Unuse pia, udongo mzuri una harufu ya shamba baada ya mvua, ukinuka kama yai viza ujue umetoka sehemu iliyotuama maji. Na njia ya chupa: weka udongo robo chupa, jaza maji, tikisa sana, iache. Mchanga unatua ndani ya dakika moja au mbili, unga laini unafuata ndani ya masaa, mfinyanzi unaweza kukaa siku nzima maji bado yana rangi. Ukiona matabaka utajua umenunua nini. Wenye eneo kubwa au wanaotaka kupanda miti ya matunda wanaweza kupeleka sampuli maabara, chuo cha kilimo cha SUA Morogoro wanapima, na TARI Mlingano kule Tanga ndo kituo cha utafiti wa udongo.

Ila adui mkubwa kwenye tripu ya udongo kwangu mimi ni ndago, lile gugu sugu. Hii sitachoka kuisema. Ndago inakuja ndani ya udongo, vile viazi vyake vidogo vyeusi kama punje, na ikishaingia kwenye bustani yako unakaa nayo miaka, ukikata juu inachipua, ukiing'oa kwa pupa kamba inakatika kiazi kinabaki chini kinatoa mingine. Inatoboa hata nailoni nyeusi ukiitandika, majani yake yana ncha kama sindano. Nimeona uwanja wa kokoto nyeupe umependeza mwezi mmoja, wa pili umekuwa kijani wote. Kwahiyo kabla dereva hajanyanyua bodi, panda juu au mtume kijana apande, achimbe kwa beleshi katikati ya mzigo sio juu, mtawanye kwenye turubai mchambue. Ukiona punje zenye nyuzinyuzi au majani membamba yanayong'aa, mwambie dereva kwa heshima mzigo huu hapana. Atalalamika mafuta, na ana haki ya kulalamika, ndo maana hili mnakubaliana kwenye simu kabla hajapakia: mzigo wenye ndago, vioo au takataka haushushwi. Mafundi wa mtaani wanaojiheshimu wanajua machimbo gani yana ndago, nayo ni faida nyingine ya kumtumia mtu wa hapo hapo, anaenda na gari anachagua mwenyewe.

Na mara nyingi huhitaji tripu nzima. Udongo wako wa kiwanjani, ukiondoa kifusi na mabaki ya simenti, ukichanganya na samadi iliyooza vizuri, unaweza kushinda ule wa kununua. Angalizo kwenye mbolea ya kuku, ile inayotoka mabandani na maranda yake: ikiwa mbichi inaunguza mizizi, ilundike, iloweshe, igeuze kila baada ya mda, iache ioze mpaka ukiingiza mkono haina joto wala ile harufu kali ya kuwasha pua.

Kuhusu vipimo, hapa ndo hela nyingi za watu zinapotea bila mtu yeyote kuiba waziwazi. "Tripu" sio kipimo. Kuna Fuso na Fuso, kuna kenta imeongezwa mbao na kenta haijaongezwa. Chukua futi kamba, pima bodi kwa ndani, urefu mara upana mara kimo cha mzigo. Bodi ya meta 4 kwa meta 2, mzigo umefika sentimita 60, hizo ni meta za ujazo 4.8, basi. Angalia pia katikati, mzigo unaweza kuwa umerundikwa pembeni katikati ni bonde. Na upande wako hesabu hivyo hivyo: kinjia cha meta 20 kwa meta 1, kokoto unene wa sentimita 5, unahitaji meta moja ya ujazo, ambayo ni ndoo 50 za lita ishirini au toroli 15 mpaka 17 za kawaida, na uzito wake ni kama tani moja na nusu. Ukishajua hivyo hauiti Fuso kwa kazi ya kirikuu. Udongo nao ongeza kidogo juu ya hesabu kwa sababu utashuka baada ya mvua za kwanza.

Kokoto. Hapa Dar kwa kifupi unakutana na mawe ya aina mbili. Kuna za Kunduchi, zile nyeupe nyeupe, ni mawe ya chokaa ya pwani, na kuna ngumu za rangi ya kijivu zinazotoka Lugoba, ukipita Chalinze kwenye njia ya kwenda Segera. Za Kunduchi zinapendeza na ziko karibu, ila ni laini zaidi, gari likipita juu yake kila siku zinasagika unga mweupe unaingia mpaka ndani. Na kwa sababu ni chokaa, ukizirundika kwenye mashina ya iksora au ndimu, baada ya mda majani yanaanza kuwa njano mishipa ikibaki ya kijani, mtu anadhani ni ugonjwa ananunua dawa, kumbe ni mawe. Zipitishe njiani kwa miguu, kwenye mimea weka kitu kingine. Sehemu ya gari tumia za Lugoba zilizovunjwa, zenye kona, kwa sababu kona zinashikana, yale mawe ya mviringo yanaviringika chini ya tairi. Na chini yake usiweke kokoto peke yake nene ukidhani ndo uimara, tairi itazama tu. Weka moramu kwanza, ule udongo wa changarawe, mwagia maji kidogo, shindilia kwa kompakta mpaka isimame, alafu kokoto sentimita tano juu, na kabstoni pembeni za kuzizuia.

Nailoni chini ya kokoto mimi siipendi. Maji hayapiti, yanatuama juu au yanatelezea ukutani, na ndago kama nilivyosema inaitoboa. Kama bajeti inaruhusu kuna kile kitambaa cha jiotekstaili kinachopitisha maji na kuzuia kokoto zisizame kwenye udongo. Kama hairuhusu, ng'oa ndago vizuri, shindilia, tandaza, palilia mapema, inatosha. Na kwenye mteremko mkali kokoto hazikai hata ufanyeje, pale jenga ngazi au panda nyasi.

Matandazo ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote na ndo inayobishaniwa sana majumbani. Wakulima wa migomba Kagera na Kilimanjaro hawahitaji kufundishwa matandazo, ukiingia mgombani unakanyaga majani makavu mwaka mzima na udongo chini una unyevu hata jua likiwaka. Ila huku pwani usafi wa nyumba tumeulea na ufagio wa chelewa. Mama anaamka alfajiri, uwanja unafagiliwa mpaka mistari ya chelewa inaonekana, majani ya mwembe yanakusanywa yanachomwa moto, na mgeni akikuta majani chini ya mti anajua humu ndani kuna uvivu. Na hofu ya nyoka ipo, sio ya kubezwa, penye watoto mtu ana haki ya kutaka kuona ardhi. Nimeona fundi ameweka matandazo mazuri jioni na asubuhi yake bibi wa nyumba ameyafagia yote ameyatia kiberiti, na bibi hakukosea kwa anavyojua yeye, hakuna mtu aliyekaa naye kumweleza.

Kwahiyo fundi mwenye akili anaanza na mwenye ufagio. Anakaa naye, anamuonyesha mpaka: hapa ndani ya mawe ni bustani, majani yanabaki, hapa nje ni uwanja, utafagia kama kawaida yako. Anazungushia mawe au matofali ili mpaka uonekane kwa macho, anayaweka yale majani mapana yaliyokauka chini na kitu kinachopendeza juu. Mpaka ukishakuwepo ugomvi unaisha, na baada ya wiki mbili za jua bibi mwenyewe akiingiza kidole chini ya matandazo akakuta unyevu wakati pembeni pamekauka kau, hapo hahitaji tena maneno ya mtu. Moto wa majani nao unapungua, na moshi wake.

Vitu vya kutandaza tunavyo bure au karibu na bure. Makumbi ya madafu yamejaa kila kona penye muuza madafu, anahangaika pa kuyatupa. Yakatwe vipande vidogo kwa panga, yalowekwe na kumwagiwa maji mara kadhaa kutoa chumvi na ule ute wa kahawia, yakauke, alafu yatandazwe. Usiyaweke mazima wala nusu nusu yakitazama juu, yanakusanya maji ya mvua na mbu wa dengi wanapenda vyombo vya hivyo hivyo, na Dar dengi tumeshaiona 2014 na 2019. Maranda ya maseremala, pale Keko yapo ya kutosha, ila uliza mbao zilikuwa na dawa ya mchwa au hapana, zenye dawa usiweke kwenye mboga. Maranda mabichi na unga wa mbao usiuchanganye ndani ya udongo, ukioza unakula naitrojeni ya mimea yako inakuwa njano, uache juu tu. Pumba za mpunga ni nyepesi, upepo wa kusi unazihamisha na punje zilizobaki ndani zinaota, ila ukizilowesha na kuzifunika na majani mazito zinafanya kazi. Nyasi zilizofyekwa kabla hazijatoa mbegu ni nzuri sana. Unene sentimita 5 mpaka 8, acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina lisioze, na kaa mbali na ukuta wa nyumba kwa ajili ya mchwa.

Sasa kumpata mtu na kukubaliana naye. Uliza kwenye vitalu vya maua vya pembeni ya barabara, wale wauzaji wanajuana na mafundi. Uliza kwa mjumbe. Ila njia bora ni kutembea mtaani baada ya mvua kubwa, uone uwanja gani umesimama, ugonge hodi uulize nani aliufanya. Kazi iliyopita masika moja ni ushahidi, picha ya siku ya kumaliza haikuambii chochote.

Makubaliano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa WhatsApp, kwa lugha ya kawaida: eneo kutoka hapa mpaka hapa, unene gani, nani ananunua kokoto, nani anaondoa kifusi, malipo lini. Hela ya vifaa mlipe dereva mwenyewe mzigo ukishapimwa na kushuka, kwa simu ili ibaki kumbukumbu, na fundi mpe ya kuanzia kulingana na hatua ya kwanza. Hii inamlinda na yeye pia. Nimeshasikia watu wengi wakilia na fundi aliyepotea na advansi, na nimeona vilevile mafundi wengi sana waliomaliza kazi wakazungushwa wiki tatu, njoo kesho, njoo Ijumaa, bosi amesafiri, kwa hela ambayo kwao ni kodi ya chumba na ada ya mtoto. Hilo la pili linazungumzwa kidogo na linaniuma zaidi. Mtu amebeba toroli mchana kutwa, jioni lipa.

Na tuwatazame wanaobeba. Meta moja ya kokoto ni tani moja na nusu, na inahamishwa na migongo ya watu wawili. Waanze saa kumi na mbili na nusu kabla jua halijawa kali, wapumzike mchana, maji ya kunywa yawepo, chakula cha mama lishe mkubaliane kipo ndani ya malipo au nje. Kokoto zimwagiwe maji kabla ya kutandazwa vumbi lisiwaingie kifuani. Glovu na buti sio gharama ya kushindana nayo ukilinganisha na bei ya mzigo wenyewe. Na ukiona fundi amekuja na mtoto wa umri wa shule kumsaidia kubeba siku ya masomo, sema, kwa upole lakini sema.

Muulize dereva pia mzigo umetoka wapi. Mchanga, mawe na kokoto ni madini ya ujenzi chini ya Sheria ya Madini ya 2010, anayechimba anatakiwa awe na leseni, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuhatarisha ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Sisi wa Goba, Tegeta na Mbezi tunaijua hii kwa macho, kingo za mito zinaliwa kila mvua na zinasogea kwenye nyumba za watu. Mchanga wa bei ya kutupa uliochotwa usiku mtoni ni kiwanja cha mtu mwingine. Dereva wa mtaani unayefahamiana naye atakuambia ukweli, na akijua wateja wanauliza, ataanza kuchagua machimbo.

Kuhusu mda wa kufanya kazi, mitaro na kushindilia fanyeni kiangazi, Juni mpaka Septemba, ardhi ikiwa imekauka na magari yanaingia bila kukwama. Udongo na mimea viingie karibu na vuli. Matandazo yaongezwe kabla ya lile jua la Januari na Februari. Na kwenye makubaliano acheni sehemu ndogo ya malipo ya kurudi baada ya mvua kubwa ya kwanza, kwa sababu hakuna fundi duniani anayeweza kuyajua maji yote kabla hayajaja, atakuja na reki na beleshi, aone wapi kokoto zimesogea, wapi mtaro umejaa mchanga, arekebishe, umalizie hela yake.

Kwetu mwaka huu tunaanza Juni. Mzee ameshapita, amelipwa hela yake ya kuangalia, na amesema bustani isubiri, mtaro wa upande wa juu urefushwe kwanza mpaka kwa jirani wa pili ili maji ya nyumba tatu yatoke pamoja kwenye mfereji wa mtaa. Tumekaa na majirani tukapiga hesabu ya urefu na kina, kila nyumba inachangia kokoto za upande wake, na kenta tumekubaliana iende Lugoba.